Mkwe Mwenye Kitambulisho

Kijana mlangoni alikuwa bado hajamaliza kusema "samahani" Seorin alipokisoma kitambulisho kwenye koti lake: Pyo Jinhyeok, mkusanyaji madeni.

Miezi mitatu hakuwa amelipia mkopo wa piano yake ya umeme, ambayo nyumbani alidai ameazimwa na rafiki. Na baba yake, tangu deni la mdogo wake lilipomeza shamba la mpunga la familia, alikuwa ameapa: atakayeleta deni tena chini ya paa lake atatoka na mabegi siku hiyohiyo.

"Naomba kuongea faragha na..."

"Kumbe ndiye huyu." Mama yake alichomoka jikoni, akamvua kijana koti, kitambulisho nacho kikaenda nalo. "Baba Seorin, njoo umwone mgeni wa mwanao. Mtoto huyu, kutuficha mambo makubwa hivi."

Seorin nusura amrukie mama yake kwa furaha. Kijitabu cha haki za mdaiwa alikuwa amekisoma mpaka kikachakaa: mkusanyaji haruhusiwi kumtajia mtu wa familia habari za deni. Akajivika tabasamu la mchumba, akaketi ubavuni kwa mgeni.

"Sheria unaijua," akamnong'oneza. "Ukilitaja tu, nakushtaki."

"Naijua, dada," kijana akajibu, jasho likimtiririka.

Nyama ilikuwa ikichomwa palepale mezani. Mzee Bang, baba yake Seorin, akamkagua mgeni juu hadi chini, kama anayenunua ng'ombe.

"Kazi gani unafanya?"

"Mambo ya fedha, mzee. Nafuatilia..."

Mama akamsokomeza mdomoni tonge la nyama lililofungwa kwa jani la saladi. Mashavu yakamvimba.

"Na jambo lenu hili lina muda gani?"

"Miezi minne sasa, mzee, na mimi siwezi tena..."

Mitatu, Seorin alitaka kumsahihisha. Tonge la pili likaingia, hili likiwa na kitunguu saumu kizima.

"Hawezi tena kungoja," mama akamalizia. "Vijana wa siku hizi wana haraka."

Mzee Bang akacheka mpaka akamwaga pombe yake ya soju. Hakuwa amecheka hivyo tangu shamba liende. "Hebu sema mwenyewe, mwanangu. Unataka nini hasa?"

Kijana akameza kwa taabu. "Ahadi tu, mzee. Nipewe tarehe, niondoke."

"Mwanamume huyu," mzee akasema, akipiga meza. "Tarehe atapewa."

Seorin alicheka hadi mbavu zikamuuma. Alikuwa bado anacheka alipomsindikiza kijana langoni.

"Asante kwa kunistahi. Mwisho wa mwezi nalipa, nakuapia. Bang Seorin, mkopo wa piano."

Kijana akatoa karatasi zake, akazipitia mara mbili. "Jina lako halimo, dada. Wewe sikudai."

"Sasa humu ndani unamdai nani?"

"Hilo sheria hainiruhusu kukwambia."

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Seorin, akidhani ni baba yake, akajibanza nyuma ya ukuta.

Alikuwa mama, peku, akihema.

"Tarehe kumi na tano nakulipa," akamnong'oneza kijana. "Ila mwanangu asijue."