Karatasi Kwenye Kitundu cha Kanda

Fundi alikwishafuta ukungu kwa pamba kwenye kanda ya kaseti ya Mama, akaizungusha kwa penseli, polepole, isije ikakatika. Kabla ya kuiweka redioni, akaigeuza.

"Mama, nani kaziba hapa?"

Mama akainama kutazama. Kile kipande cha plastiki mgongoni mwa kanda alikivunja mwenyewe kwa ncha ya kisu, siku binti yake alipomaliza kuimba, ili mtu asije akarekodi juu ya sauti yake. Sasa kile kitundu kilikuwa kimeshindiliwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri, ngumu kama jino, ili kanda ikubali kurekodi tena.

"Watoto hao," mumewe, aliyesimama nyuma yake, akadakia. "Si unawajua kwa utundu?"

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti huyo, naye walishamzika.

Fundi akaiweka kanda redioni, akabonyeza. Badala ya wimbo, mtangazaji wa mpira akapasua koo: "Goooli!"

"Mke wangu, mimi nilidhani..."

"Usizime, mwanangu," Mama akamwambia fundi, akavuta kiti akamsogezea mumewe. "Iache mpaka mwisho. Mzee asikilize mpira wake."