Mahari ya Kukwepa Korti

Ejoku alimtusi hakimu kwa lugha tatu huku akimsukuma ng'ombe wa nane ndani ya mto Malaba. Maji yalikuwa ya magoti, na ng'ambo ilikuwa Uganda. Alitaka jambo moja tu duniani: ng'ombe wake wote wavuke kabla ya saa nne.

Shida ilianzia kwa Protus, mfanyabiashara wa Bumala, aliyelipia magunia hamsini ya mahindi akaletewa ishirini. Alipouliza mengine, Ejoku alimwambia angoje mvua. Protus hakungoja, alienda kortini. Dawa ya deni ni kulipa, lakini Ejoku hakuwahi kupenda dawa.

Jana sasa, mtu wa korti akamfikia nyumbani kwake Moding: suti nyeusi, viatu vinang'aa, karatasi yenye muhuri.

"Mzee, mali yako imefungiwa mpaka kesi iishe. Hakuna kuuza, kuhamisha wala kuchinja. Amri inaanza kesho saa nne."

Karatasi ilitaja ng'ombe wote wanane kwa rangi zao, mpaka yule mwekundu aliyevunjika pembe juzi. Ejoku alitokwa na jasho. Serikali hii! Mashimo ya barabara haiyaoni, lakini pembe ya ng'ombe inaiona!

Mkewe, Aguti, hakulia. Alimpa mgeni uji, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi na wazo.

"Baba Ajiko, wapeleke kwa baba yangu Uganda. Ukiulizwa, sema umelipa mahari. Korti ya Busia itavuka mpaka kudai ng'ombe wa watu? Kesi ikiisha, tutawachukua."

Ejoku alicheka mpaka akakohoa. Mahari! Miaka kumi na tisa na Aguti, watoto watano, na hajatoa hata kwato moja. Kwa aibu hiyo hakuwahi kukanyaga kwa wakwe, na wao kwa hasira hawakuwahi kukanyaga kwake. Harusi na matanga ya kwao Aguti alienda peke yake, akarudi amenuna siku tatu. Kumbe mwanamke ana kichwa hivi!

Saa nne kasoro aliwaingiza ng'ombe kwa mzee Emojong, baba mkwe. Vigelegele vikapasuka. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa tayari, chungu cha ajono, pombe ya wimbi, katikati, mirija mdomoni.

Wanaigiza vizuri hawa, aliwaza Ejoku, akatabasamu.

Mzee Emojong aliwahesabu ng'ombe kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya mashahidi. Wakaleta daftari la ukoo. Ejoku, ili uongo ukolee, alitia kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza kwa nguvu. Akapewa mrija, akavuta ajono mpaka akasikia raha ya mtu aliyeishinda serikali. Protus na aende akamfungie mali bibi yake!

"Sasa," mzee Emojong akasema, akifunika daftari, "mwanangu wa kwanza awapeleke zizini. Wewe na yeye hamjajuana."

Nyuma ya nyumba akatokea mwanamume mwenye kamba begani, amekunja suruali ya suti nyeusi hadi magotini.

"Karibu nyumbani, shemeji," akasema. "Ule uji wa dada yangu ulikuwa mtamu."