Mlevi wa Kukodi

Jitu liliingia baa na kiatu kimoja mguuni, likadai cha pili kimeibwa humo humo ndani.

Binti aliyekuwa kaunta aliuma mdomo asicheke. Shangazi kweli kamtafutia mtu!

Shangazi aliiendesha baa ile tangu binti hajazaliwa, ila sasa magoti yalikuwa yamegoma. Alikuwa tayari kumwachia, kwa sharti moja.

"Kumimina bia kila mtu anaweza," alimwambia asubuhi. "Baa ni kumtoa mtu asiyetaka kutoka. Leo nitakukodia mlevi, mwigizaji. Ukimwogopa, kesho funguo nampa mnunuzi. Sitaki uje kuumizwa humu."

Na kuogopa binti aliogopa kweli. Akiona mbwa amelala njiani, huzunguka mtaa mzima. Lakini kazi ya ushonaji alishaiacha kwa ajili ya baa hii, na aliitaka mpaka usingizi ukampaa. Bahati nzuri, mwigizaji haumi.

"Kiatu changu!" Jitu likaitwanga meza ngumi, chupa zikaruka. Fundi baiskeli na mwenzake wakaziacha bia zao, wakatokea mlango wa nyuma. Mpishi akajifungia jikoni. Mhudumu akachuchumaa nyuma ya friji, akipunga mkono: mwache, mwache!

Kumbe wote wamepangwa, binti aliwaza. Mhudumu alikuwa anazidisha chumvi, lakini si haba.

Akajifunga kibwebwe, akatoka kaunta.

"Kaka, karibu. Kwanza shusha sauti, hapa si mnadani."

"Wewe unanijua mimi?"

"Nakujua sana. Na hiyo meza ni ya shangazi yangu. Ukiipiga tena, utaifuta mwenyewe."

Jitu likaipiga tena, bia ikamwagika. Binti akalitupia kitambaa kifuani.

"Haya, futa."

Jitu likakiangalia kitambaa, likamwangalia binti. Mhudumu nyuma ya friji alifumba macho. Kisha, polepole, jitu likafuta.

"Na pale pembeni. Mama yako hakukufundisha?"

Likafuta na pembeni.

Hapo binti akanogewa. Alilishika sikio, akaliongoza hadi mlangoni, akalipatia glasi ya maji na kulisimamia mpaka tone la mwisho.

"Nenda kalale. Kiatu kikionekana nitakuwekea. Siku ukija na akili zako, nitakukaribisha kwa heshima zote."

"Ndiyo, mama," jitu likasema kwa sauti ya mtoto wa shule.

"Umenikosha," binti akalinong'oneza. "Ila ngumi ya pili umezidisha kidogo."

Jitu likamkodolea macho, likaondoka kwa haraka, nusura likimbie.

Binti alirudi ndani amejaa furaha mpaka kooni. Mpishi alikuwa amefungua mlango wa jikoni kidogo, akimtazama bila kupepesa. Mhudumu alijaribu kusema kitu, meno yakagongana.

Muda si muda shangazi akaingia na mkongojo wake, anahema. Nyuma yake kulikuwa na kijana mwembamba mwenye adabu, shati limechomekwa upande mmoja, chupa tupu mkononi.

"Tusamehe, mwanangu, basi limetuharibikia njiani," shangazi alisema. "Haya, jifanye hujatuona. Mlevi wako ndiye huyu."