Hapana ya Bi Ruzuna

Siku hizi mzee aliyeishia darasa la saba akilikataa kwa kura Shirikisho la nchi jirani, mwanawe msomi hupewa ruhusa kazini aje kumwelewesha, kisha mzee hupiga kura upya. Bi Ruzuna, mjane, hukataa kila mara. Bila hivyo bintiye Salha haji.

"Mama, nchi zikiungana utafaidi," Salha alisema, akikoroga muhogo.

"Watafaidi wakubwa. Sisi tutaambiwa tusogee. Hebu ongeza tui."

Salha akacheka, kisha akainama. "Ukikataa leo, kura yako napewa mimi."

"Na ruhusa?"

"Hakuna tena, mama."

Bi Ruzuna akasema bismillahi, akampakulia. "Kula, mwanangu. Hapana yangu ni ileile."

Salha akala polepole, asitake sahani iishe.