Pampu ya Greda la Nangwa

Severine alikuwa amekwisha kufungua nati ya tatu ya pampu ya dizeli, na aliyemshikia spana alikuwa mlinzi mwenyewe.

"Hii ndogo au ile kubwa, mzee?" Sulle aliuliza kwa heshima zote.

"Kubwa."

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali. Lango la yadi ya serikali pale Nangwa lilikuwa wazi, na mbuzi wa watu walikuwa wanajikuna kwenye matairi ya greda. Severine alimtazama Sulle kwa pembe ya jicho. Mtu mzima, koti la kaki, filimbi shingoni, anasaidia kung'oa kifaa kwenye mashine anayolipwa kuilinda! Alimdharau mpaka akaona aibu kumwangalia.

Wala hakuwa ametumia ujanja wa maana kuingia. Alikuja na Landrova ya kuazima, isiyo na namba za serikali. Alivaa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na sauti ya kukaripia. "Natoka mkoani," alisema langoni. "Pampu ya greda inahitajika Arusha." Basi. Sulle akapiga saluti.

Gregory, mkuu wa yadi, alikuwa mbaya zaidi. Alitoka ofisini anafunga vifungo vya shati, akaamkia shikamoo mara mbili, akaagiza chai. Jina la mgeni hakuuliza. Ukutani nyuma yake palikuwa na maandishi makubwa mekundu: MALI YA UMMA NI YETU SOTE.

"Kweli ni yenu," Severine alisema akiyasoma. Gregory akacheka, akidhani amesifiwa.

Upande ule wote greda lilikuwa hilo moja. Mvua za mwaka ule wa sabini na tano zilikuwa zimeikata barabara ya Hirbadaw, na wananchi waliohamishiwa kijiji kipya huko walikuwa wanabeba wagonjwa wao kwa machela. Gregory alijua yote hayo. Lakini alimwogopa mtu mwenye kalamu mbili kuliko machela kumi.

Severine alikuwa anaitia pampu kwenye gunia wakati karani wa stoo alipotoka. Alikuwa mama mfupi aitwaye Kornelia, kitabu cha vifaa kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba barua ya kuchukulia hiyo pampu."

Severine alisimama, gunia mkononi. Hii ilikuwa yadi yake ya nne wiki ile, na hakuna aliyekuwa amemuuliza neno hilo.

"Barua itakuja," alisema.

"Basi na pampu ingoje barua. Nina mdogo wangu Hirbadaw, mimba yake imefika mwezi wa tisa. Bila greda tutamtoaje?"

Severine alimgeukia Gregory, akamkazia macho, akangoja.

"Kornelia!" Gregory alifoka. "Unamdai mkubwa barua? Umesoma mpaka darasa la ngapi wewe? Rudi stoo!" Kisha sauti ikalainika. "Utusamehe, mzee. Wenyeji wa huku bado hawajui taratibu."

Kornelia hakurudi. Alikwenda kusimama mbele ya Landrova, mikono kiunoni, mpaka Sulle akamvuta pembeni kwa nguvu na kitabu chake kikaanguka kwenye tope. Severine akawasha gari. Kwenye kioo alimwona yule mama ameinama, anaandika namba ya gari kwenye kiganja chake, huku Gregory akimpungia mgeni mkono kama anayeaga ndugu.

"Mijitu ya ajabu," Severine alinong'ona, akakanyaga mafuta.

Alipita Mogitu mbio, tope likiruka, bila kumsalimu mtu. Alipofika Katesh akakata kona, akaingia kituo cha polisi, akalibwaga gunia juu ya meza ya mkuu wa kituo, kando ya magunia mengine matatu.

"Pole na kazi, Bwana Mkaguzi," alisema mkuu wa kituo. "Na ya Nangwa imetoka hivihivi?"

"Hivihivi. Peleka askari wairudishe leo hii, wamtoe Gregory ofisini, na funguo za yadi wamkabidhi yule mama wa stoo."