Mbu wa Hadia

Miaka tisa Sikudhani alifuga mbu katika maabara moja ya utafiti, na kila alipowalisha damu walitaga. Ndiye aliyemwambia mkuu wa maabara kwamba ukiizima jeni fulani, homoni ya kukomaza mayai haitapanda, na mbu atashiba damu bila kutaga. Mkuu alicheka. Mwaka uliofuata Hadia, mgeni mwenye shahada mpya, alisema maneno yaleyale, akapewa chumba na vifaa. Tangu hapo, kila Hadia aliposifiwa, Sikudhani alitoka akaenda kuwalisha mbu wake.

Asubuhi moja mbu wa kwanza aliyezimwa jeni alikuwa tayari kupasuliwa.

"Dada, nipasulie wewe," Hadia alisema. "Wewe umezoea kuliko mimi."

Sikudhani alimpasua juu ya kioo, akainamia hadubini huku akiomba moyoni ayaone mayai yamejaa tele. Hakuona hata moja. Tumbo lilikuwa jekundu kwa damu, na vifuko vya mayai vimesinyaa.

"Yapo?" Hadia aliuliza nyuma yake.

Angesema yapo, akakipangusa kile kioo, na hakuna ambaye angejua. Alishika kitambaa cha kupangusia. Akakisogeza hadi ukingoni mwa kioo, kisha akakiweka mezani.

"Hayapo," alisema. "Umepatia."

Hadia alipiga kigelegele, akamkumbatia mabegani, akaomba apishwe naye aone. Sikudhani hakuinuka. Jicho lake lilibaki kwenye hadubini, akikitazama kile alichokijua kabla ya wote, na Hadia akasimama nyuma ya kiti akingoja.