Karibu, Mbona Umechelewa

Mbaruku alifungua mlango wa nyumba yake jioni, na kompyuta ya sebuleni haikusema kitu. Kabla ya msiba ilikuwa ikimpokea kwa sauti ya mkewe, Mwanakheri, aliyejirekodi kwa mzaha: "Karibu. Mbona umechelewa?" Lakini fanksheni hiyo, mistari ya programu ya kukaribisha, Mbaruku aliiandika ndani ya klasi, yaani kundi la fanksheni, aliyoiita Familia, na Familia haiundwi bila majina mawili, la mume na la mke. Jana alikuwa amelifuta la marehemu.

"Usilirudishe, kaka," Sikitu, mwenzake wa kazini, alimwambia kwenye simu. "Itoe tu fanksheni humo. Iache kwenye faili, nje ya klasi zote. Itafanya kazi bila kudai jina la mtu."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mbona ziko nyingi tu za hivyo."

Akaihamisha mistari ile michache, akaisogeza mpaka ukingoni mwa ukurasa, akahifadhi. Kisha akatoka nje, akaufunga mlango, akasimama barazani na ufunguo mkononi, akisubiri kwanza achelewe.